Mshindani amejuaje makontena yetu? Siri na uwazi wa kumbukumbu za shehena zinazokwenda nje

Swali: Tuna kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara hapa Mwanza. Ile ya kugandisha tunapeleka Marekani kwa kontena kupitia Dar es Salaam, na ile mbichi ya barafu inakwenda Ulaya kwa ndege kupitia Nairobi. Mnunuzi wetu wa Marekani ametuonyesha barua pepe ya mshindani anayemshawishi kwa bei ya chini, na humo ametaja namba za makontena yetu, uzito na jina la meli. Bosi anaamini ama TRA ama wakala wetu wa forodha ametuuza. Ni kweli? Tunaweza kulazimisha taarifa hizo zifutwe? Na sisi je, tunaruhusiwa kuziona za wenzetu?

Jibu: Kabla bosi hajamwachisha wakala kazi, isomeni upya hiyo barua pepe mkitazama kitu kimoja: kuna bei yenu ndani yake, au hakuna?

Kama kuna namba ya BL (hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli), namba za makontena, idadi ya katoni, uzito, jina la meli na bandari ya kushushia, lakini bei hakuna, basi karibu hakika mshindani amenunua manifesti, yaani orodha ya mizigo yote, ya meli iliyoingia Marekani. Manifesti inajazwa kutokana na BL, na BL haina bei ya bidhaa. Bei iko kwenye ankara, na ankara haipiti kwa kampuni ya meli. Ila kama ametaja bei ya kilo mliyouzia, thamani ya ankara au namba ya tamko lenu la forodha, hapo sasa bosi ana haki ya kukunja uso, maana hivyo havitoki kwenye manifesti. Vimetoka kwa mtu aliyeshika karatasi zenu.

Kuna alama ya pili. Manifesti ya Marekani inataja bandari ambako kontena lilipakiwa kwenye meli ile iliyoingia Marekani. Kontena la Dar es Salaam kwa kawaida hubadilishiwa meli njiani. Mshindani akiandika kwamba samaki wenu "wametoka Salalah", ilhali karatasi zenu zote zinasema Dar es Salaam, amejifichua: ametazama rekodi ya upande wa pili wa bahari, siyo ya kwetu.

Sasa sheria yenyewe. Marekani, manifesti ya meli inayoingia ni taarifa ya wazi kwa mujibu wa sheria. Kifungu cha 1431 cha Sura ya 19 ya sheria zao kinaeleza kinachotolewa, na kanuni ya forodha namba 103.31 inaeleza utaratibu. Yanayotolewa ni jina na anwani ya mwagizaji au mpokeaji, jina na anwani ya mtumaji, maelezo ya jumla ya mzigo, idadi ya vifurushi na uzito wa jumla, jina la meli, bandari ya kupakia na ya kushushia, nchi ya asili, hata alama za biashara zilizo kwenye mzigo. Forodha yao, CBP, inauza data hii kwa waliojiandikisha, nao wanaipanga vizuri na kuiuza tena kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Hakuna aliyeiba. Hilo ndilo linalowachoma wauzaji wengi wa huku, maana wamezoea kwamba karatasi ya forodha ni siri ya serikali.

Mkisikia hivyo mnaweza kudhani hata ile mbichi ya ndege iko hadharani. Haiko. Kampuni moja ya data, Panjiva, iliishtaki CBP ikitaka manifesti za ndege nazo zitolewe, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ikaamua kwamba wajibu wa kutoa unahusu meli tu. Kwa hiyo hata siku mkipeleka minofu ya barafu Marekani kwa ndege, rekodi hiyo haitaonekana kwenye hizo tovuti. Kilichowaanika ni lile kontena la baridi, siyo boksi la ndege.

Nani anaweza kuifunga

Hapa ndipo watu wengi hupoteza muda. Mtumaji aliye Mwanza hawezi kuiandikia CBP akaomba jina lake lifichwe kwenye manifesti inayoingia. Kwa mzigo unaoingia, kanuni inampa haki hiyo mwagizaji au mpokeaji, yaani mnunuzi wenu. Ila kanuni hiyo hiyo inamruhusu kuomba mambo mawili kwa pamoja: jina na anwani yake yeye, na jina na anwani ya watumaji wake. La pili ndilo lenu, na mara nyingi ndilo linalosahaulika. Wanunuzi wengi hujiombea wenyewe tu, kisha manifesti ikatoka na nafasi ya mpokeaji ikiwa tupu huku jina la kiwanda chenu cha Mwanza likiwa palepale. Mshindani mwenye akili timamu hashindwi kukisia mnunuzi ni nani kwa kutazama bandari na aina ya mzigo.

Ombi ni barua ya tamko. Halina fomu maalumu. Mnunuzi au wakili wake anaandika jina kamili la kampuni, anwani, namba yake ya mlipakodi ya huko, tamko kwamba anadai usiri wa jina lake na wa watumaji wake, na orodha ya namna zote ambazo majina hayo huandikwa. Inasainiwa na kutumwa CBP. Tamko linadumu miaka 2, na kuhuisha kunatakiwa kufanywa angalau siku 60 kabla halijaisha.

Orodha ya majina ndiyo roho ya barua yote, na ndiyo inayoharibika. Mfumo unaficha jina lililoandikwa kwenye tamko. Kampuni ikiwa imesajiliwa kwa "Company Limited" na karani wa meli akaandika "Co. Ltd", kwa kompyuta hayo ni majina mawili tofauti. Akiongeza nukta, akisahau herufi, akaweka "Mwanza Tanzania" ndani ya nafasi ya jina, jina linapita. Chukueni BL zenu zote za miaka miwili iliyopita, mzinakili kila namna jina lenu lilivyowahi kuandikwa, pamoja na zile zenye makosa, mumpelekee mnunuzi orodha hiyo tayari. Msimwachie aitunge yeye, maana hajui karani wa Dar es Salaam anavyoandika.

Yako mambo mengine matatu yanayoharibu kazi hata barua ikiwa safi. Tamko la mnunuzi mmoja linafunika mizigo yake yeye tu. Mkiuza kontena moja kwa mnunuzi wa pili asiye na tamko, jina lenu linarudi sokoni, na safari hii na mteja mpya pembeni yake. Tamko haligusi mizigo iliyopita. Na tamko likiisha muda kwa wiki chache tu, makontena ya wiki hizo yanatoka wazi, na yakishatoka hayarudi.

Hilo la kutorudi linajibu swali lenu la kufuta. CBP ikishatoa data, wanunuzi wa data wanayo kwenye hifadhi zao. Mnaweza kuziandikia kampuni hizo kuomba zitoe rekodi, na baadhi zitawasikiliza kwa hiari, lakini hakuna sheria ya Tanzania wala ya Marekani inayowalazimisha kufuta taarifa waliyoipata kihalali. Nguvu zenu ziwekeni kwenye kontena linalofuata.

Kwa sababu kalamu iko mikononi mwa mnunuzi, jambo hili linakaa kwenye mkataba wa mauzo. Sharti fupi linatosha: "Mnunuzi atawasilisha kwa forodha ya nchi ya kupokelea ombi la usiri wa jina na anwani yake na ya Muuzaji kabla ya shehena ya kwanza kupakiwa, atampa Muuzaji nakala ya uthibitisho, na atalihuisha ombi hilo kabla ya muda wake kuisha. Muuzaji atampa orodha ya namna jina lake linavyoandikwa." Wanunuzi hawakatai sharti hili mara nyingi. Na wao hawapendi washindani wao wajue samaki mzuri wanampata wapi.

Kama mnauza kwa masharti ya kufikisha mzigo ushuru ukiwa umelipwa, na ninyi wenyewe ndio mwagizaji kwenye vitabu vya CBP, basi tamko ni lenu kuandika. Kwa viwanda vya huku ni nadra.

Jazeni BL kama karatasi itakayosomwa na adui

Tamko linaficha majina na anwani, na alama za utambulisho zikiombwa. Halifichi maelezo ya mzigo. Na ndani ya maelezo ya mzigo ndimo wauzaji wetu wanamwaga kila kitu: namba ya oda ya mnunuzi, chapa yake inayobandikwa kwenye katoni, jina la meneja wake wa manunuzi, wakati mwingine hadi barua pepe. Nimeona manifesti iliyofichwa jina la mpokeaji kwa uangalifu wote, kisha chini kabisa, kwenye alama za vifurushi, chapa ya supamaketi yake imeandikwa kwa herufi kubwa.

Maelezo yanayotosha ni aina ya samaki, hali yake, idadi ya katoni, namba ya utambulisho wa bidhaa na uzito. "Frozen Nile Perch Fillets", katoni kadhaa, 0304.63, uzito halisi na wa jumla. Namba ya oda ibaki kwenye ankara na orodha ya vifurushi. Alama za katoni zitumieni namba ya kundi la uzalishaji, ambayo kwa mtu wa nje haina maana.

Lakini msivuke mstari upande wa pili. Tangu Marekani ilipoweka kanuni ya kupeleka manifesti saa 24 kabla ya kupakia, maelezo ya jumlajumla kama "vyakula" au "mizigo mchanganyiko" yanakataliwa na kontena linabaki bandarini. Kontena la baridi lenye tani 24 au 25 za minofu likikaa Dar es Salaam likisubiri marekebisho, bili ya umeme na ya kukaa bandarini itawafundisha haraka. Na maelezo ya BL lazima yaoane na cheti cha afya. Yasipooana, tatizo lenu halitakuwa siri tena bali uingizaji.

Watu huja na mbinu tatu za kujificha.

Ya kwanza ni kutumia BL ya wakala wa usafirishaji, ile hausi, ili kwenye masta, yaani BL ya kampuni ya meli yenyewe, litokee jina la wakala. Kwa Marekani haisaidii, kwa sababu kanuni ya saa 24 inamtaka wakala naye apeleke data ya hausi ikiwa na mtumaji na mpokeaji halisi. Data ya hausi nayo inatoka.

Ya pili ni kuandika BL kwa amri ya benki, ili nafasi ya mpokeaji isiwe na jina la mnunuzi. Jina la mnunuzi basi linakwenda kwenye nafasi ya wa kuarifiwa, nusu inchi chini yake. Hakuna kilichofichwa. Hakikisheni tamko linataja na nafasi hiyo.

Ya tatu ni kubadilisha BL njiani, kwa kawaida kupitia dalali wa Dubai: seti nzima ya nakala halisi inarudishwa kwa kampuni ya meli, inatolewa nyingine yenye jina la dalali kama mtumaji. Ni halali pale kampuni ya meli inapokubali, seti ya zamani imerudishwa yote, na kilichobadilika ni majina tu. Mkigusa bandari ya kupakia, tarehe, uzito au asili ya samaki, hiyo ni kughushi, na benki ikigundua haitalipa. Kwa samaki mbinu hii ina tundu kubwa: cheti cha afya kinataja kiwanda kilichochakata na namba yake ya kuidhinishwa, na anayetoa mzigo bandarini anakisoma. Dalali anaficha jina lenu kwenye manifesti. Kwa mnunuzi na mawakala wake, jina liko palepale.

Upande wa Tanzania

Sasa tuirudie hasira ya bosi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inamfanya ofisa wa forodha kuwa mkosaji akitoa taarifa za biashara ya mtu alizozipata kazini, isipokuwa kwa madhumuni ya sheria hiyo, akiitwa shahidi mahakamani, au kwa kibali cha Kamishna. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 nayo ina wajibu wa usiri kwa maofisa wa TRA. Matamko mnayopeleka kupitia TANCIS, mfumo wa kielektroniki wa forodha, hayachapishwi, na mshindani hawezi kwenda dirishani akaomba lenu.

Usiri huo una milango. Mahakama inaweza kuamuru. Taasisi nyingine za serikali zinapata zinachohitaji kwa kazi zao. Na Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapata data ili itoe jumla, huku Sheria ya Takwimu ikizuia kutoa taarifa inayomtambulisha mtoa taarifa mmoja mmoja. Dhahabu ina utaratibu wake: sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji ya 2015 inazitaka kampuni za madini na za gesi ziwe wazi kuhusu malipo yao, kwa hiyo jirani zenu wa Geita hawana usiri kama wenu. Samaki hayumo humo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatajwa sana siku hizi katika mijadala hii. Inamlinda mtu, siyo kampuni. Kama anayesafirisha dagaa anafanya biashara kwa jina lake mwenyewe na namba yake ya simu ya mkononi iko kwenye karatasi, inamhusu. Kampuni yenu kama kampuni, hapana.

Ikiwa barua ya mshindani ina bei yenu, basi fanyeni uchunguzi wa karatasi kabla ya wa watu. Andikeni kila hati ya shehena hiyo, na kando yake kila aliyeiona: ankara waliiona kina nani, orodha ya vifurushi nani, tamko nani. Mara nyingi ankara inazunguka mikono mingi kuliko inavyohitajika: dereva anabeba nakala kamili hadi Sirari, karani wa ghala anatumiwa kwa WhatsApp, wakala wa ndege Nairobi anaomba "seti nzima" kwa mazoea tu. Linganisheni kosa lililomo kwenye barua ya mshindani na toleo la hati. Akinukuu uzito uliorekebishwa baadaye, mnajua ni toleo lipi lililovuja. Mkipata ushahidi kwamba ni ofisa, kuna malalamiko TRA na TAKUKURU. Mkipata kwamba ni wakala, ana leseni ya forodha na malalamiko yanapelekwa kwa aliyeitoa. Mkataba wenu na wakala uwe na sharti la usiri lenye kiwango cha fidia kilichoandikwa. Sharti lisilo na kiwango humlazimu mdai athibitishe hasara, na hasara ya mteja aliyehama ni ngumu kuthibitisha.

Ulaya na kwingineko

Ulaya haitoi manifesti. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Forodha ya Umoja wa Ulaya kinaziweka taarifa za namna hii chini ya usiri wa kikazi. Lakini jina lenu liko hadharani kule kwa njia nyingine ambazo hamwezi kuziziba, na nyingine moja mnayoweza.

Msiyoweza ni orodha ya viwanda vilivyoidhinishwa kuuza samaki Ulaya. Tume ya Ulaya inaichapisha nchi kwa nchi, ikiwa na jina la kiwanda, mji na namba ya kuidhinishwa. Namba hiyo iko pia kwenye kila katoni yenu, kwa hiyo anayesimama mbele ya friji la duka Rotterdam anaweza kujua minofu imechakatwa wapi.

Mnayoweza ni usajili wa REX, ule wa wauzaji wanaojitolea wenyewe tamko la asili ya bidhaa ili wapate upendeleo wa ushuru kwa shehena inayozidi euro 6,000. Kwenye fomu kuna kisanduku cha 6, kinachoomba ridhaa yenu ili taarifa zichapishwe kwenye tovuti ya umma. Karani akisaini fomu nzima bila kusoma, ametoa ridhaa. Msiporidhia, namba ya REX inathibitishika lakini jina na anwani havionyeshwi.

Uingereza ina tabia yake: mamlaka ya mapato huchapisha kila mwezi majina ya waagizaji kwa namba ya bidhaa, bila thamani wala uzito. Wauzaji hawamo, lakini mshindani anapata orodha ya wanunuzi wa kupigia simu. Nanyi mnaweza kuipata vilevile.

Kwa wanaopeleka dengu na choroko India, hali ilibadilika mwaka 2022. Kabla ya hapo taarifa za tamko mojamoja, na bei yake, ziliuzwa waziwazi. Kifungu cha 135AA kilichoongezwa kwenye Sheria yao ya Forodha kinamwadhibu anayechapisha thamani, uainishaji, kiasi au taarifa za mwagizaji au muuzaji pasipo sheria kumtaka: kifungo hadi miezi 6, faini hadi rupia 50,000, au vyote viwili. Biashara hiyo haijafa, lakini sasa anayeifanya anajua anachohatarisha.

Na mkiagiza mashine kutoka Marekani, mtakuta kinyume kinachoshangaza. Tamko la kielektroniki analojaza muuzaji wa kule kabla mzigo haujatoka ni siri kali, kwa kifungu cha 301(g) cha Sura ya 13 ya sheria zao. Manifesti ya meli inayobeba mashine hiyo hiyo ni wazi, mpaka mtumaji wa kule aombe jina lake lifichwe. Mzigo mmoja, hati mbili, sheria mbili. Ndiyo maana swali la "shehena yetu ni siri au siyo?" halina jibu mpaka useme ni hati ipi, na iko mikononi mwa nchi gani.

Bei hujulikana hata msipoibiwa

Hili bosi hatalipenda. Namba ya utambulisho ya minofu ya sangara mbichi ya barafu ni 0304.33, na ya kugandisha ni 0304.63. Sangara ana namba yake peke yake, hachanganywi na samaki wengine. Takwimu za Ulaya hutoka kila mwezi zikionyesha kila nchi mwanachama imeingiza kilo ngapi za namba hiyo kutoka Tanzania, na kwa thamani gani. Gawanya thamani kwa kilo, unapata wastani wa bei, ukiwemo usafiri na bima hadi mpaka wa Ulaya. Kupitia Nairobi hakubadilishi kitu, kwa sababu upande wa Ulaya unaandika nchi ya asili, siyo uwanja wa ndege.

Kama nchi ile kwa mwezi ule ilipokea kutoka viwanda vingi, wastani unamficha kila mmoja. Ila kama mwezi huo ni ninyi peke yenu mliopeleka huko, "wastani" ni bei yenu. Kwa hali hiyo mfumo wa takwimu wa Ulaya una kinga, lakini ni kinga ya kuombwa: mfanyabiashara wa kule anayetambulika kwa takwimu hizo anaiandikia ofisi ya takwimu ya nchi yake, nayo ikikubali inaziunganisha namba au kuzificha. Tena ni kalamu ya mnunuzi. Liongezeni kwenye lile sharti la mkataba.

Jambo jingine linaloanika ni kukataliwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, huchapisha mizigo iliyokataliwa kuingia, ikiwa na jina la mzalishaji, bidhaa na sababu. Hakuna tamko la usiri linalofunika hilo.

Yanayovuja ofisini

Mnunuzi mpya anaomba BL ya zamani kama ushahidi kwamba mnasafirisha kweli. Wengi wanamtumia nzima. Ficheni mpokeaji, wa kuarifiwa, namba ya BL, namba za makontena na za lakiri. Namba ya BL au ya kontena inatosha kufungua ukurasa wa kufuatilia mzigo kwenye tovuti ya kampuni ya meli, na ukurasa huo hauulizi wewe ni nani. Msifiche kwa kuweka kisanduku cheusi juu ya PDF, maana kinanyanyuliwa na maneno yamo chini yake. Chapeni, funikeni kwa karatasi, skanini upya.

Picha ya kontena likifungwa lakiri, ikiwekwa status kwa furaha, ni namba ya kontena iliyotolewa bure.

Kuziona za wenzenu

Ndiyo, mnaruhusiwa. Data ya manifesti za Marekani mnaweza kuinunua kama mshindani alivyofanya, na kabla ya kulipa, tafuteni jina la kampuni yenu kwa kila namna linavyoandikwa. Matokeo ya bure mara nyingi yanatosha kuonyesha ni tahajia gani inayopenya tamko. Takwimu za Ulaya na za Umoja wa Mataifa ni bure.

Kwa za hapa nyumbani, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Jumla ya minofu, mabondo au dagaa waliosafirishwa kupitia kituo fulani mnaweza kuiomba, na kikundi cha usimamizi wa mwalo kinachotaka kujua samaki wa ziwa wanakwenda wapi kinaweza kuiomba pia. Rekodi ya kiwanda kimoja kilichotajwa jina itakataliwa, kwa sababu sheria hiyo inaruhusu kuzuia taarifa zinazoathiri maslahi ya kibiashara ya mtu wa tatu. Kwa hiyo andikeni ombi la jumla: namba ya bidhaa, kipindi, nchi ya kwenda, kilo na thamani. Ombi lililoandikwa hivyo halimpi ofisa sababu hiyo ya kukataa.